Corolla 110 inapanda joto mlima wa Mombo–Lushoto: swichi ya mkono ya feni ya rejeta niifunge wapi?

Mpanda Soni

Habari za leo wakuu. Nina Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, gia za mkono, nabebea abiria kati ya Mombo na Lushoto. Kwa msioijua njia hiyo: ukiiacha barabara kuu ya Segera kwenda Moshi pale Mombo unaanza kupanda papo hapo, kona juu ya kona, kilomita 30 na kidogo hadi Lushoto mjini. Mombo kwenyewe ni joto kali. Gari limejaa watu na mizigo, sehemu kubwa ya njia hadi Soni, mji mdogo ulio katikati ya mlima, napanda na gia ya pili, na nikikuta lori mbele yangu nashuka hadi ya kwanza. Mwendo huo hauingizi upepo wa maana kwenye grili. Rejeta inategemea feni peke yake.

Shida ni kwamba feni inachelewa. Tambarare mshale wa joto unakaa chini kidogo ya nusu na hautikisiki. Mlimani, kabla sijafika Soni, unaanza kupanda, unapita nusu, unaendelea kuelekea H (alama ya moto), na hapo ndipo nasikia feni inaanza. Ikishaanza mshale unasimama, halafu unarudi polepole mno. Halijawahi kuchemka, lakini sipendi kuendesha watu huku jicho moja liko kwenye geji. Ninachotaka ni kuiwasha feni mwenyewe pale Mombo kabla ya kuanza mlima, na kuizima nikishafika juu.

Rejeta nimeisafishisha, kulanti ni mpya, na themostati (vali inayofungulia maji ya injini kwenda kwenye rejeta yakipata joto) ipo. Fundi wa jirani alitaka kuitoa nikakataa. Huyo huyo anashauri feni tuiunge direct kwenye ufunguo. Sitaki, kwa sababu asubuhi ya mwezi wa 6 na wa 7 Lushoto ni baridi ya kuvaa makoti, na injini yenyewe inachukua muda kupata joto lake.

Nimenunua swichi ya kuwasha na kuzima ya kuweka kwenye dashibodi, na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya miguu minne, 12V 40A. Kabla sijakata chochote nilifanya jaribio moja ambalo limeniacha na swali. Injini ikiwa ya baridi, ufunguo uko kwenye ON, nilichomoa plagi ya ile swichi ya joto ya feni. Feni ikawaka! Nikairudisha, ikazima. Nilitegemea kinyume chake, kwamba plagi ikitoka feni ndiyo isiwake kabisa. Sasa nikate waya ipi na niunganishe wapi?

Dereva Handeni

Kaka, mimi naona unajitafutia kazi. Langu liliungwa direct na aliyeniuzia, linawaka na ufunguo, linazima na ufunguo. Napiga Handeni–Korogwe kila siku na mshale haujawahi kufika nusu. Mtu wa kubeba abiria anahitaji kitu kisichomlazimu kukumbuka. Swichi utaisahau siku moja, siku hiyo hiyo ndiyo utachoma hedi (kichwa cha injini).

Chumbageni

Mpanda Soni, ni rahisi. Chukua waya inayokwenda kwenye swichi ya joto, itoboe, toa tawi hadi ndani ya gari kwenye swichi yako, na upande wa pili wa swichi peleka kwenye bodi (chuma cha gari). Ukiwasha, rilei inapata ethi (upande hasi wa umeme) na feni inazunguka. Gari nililokuwa nalo zamani nilifanya hivyo na lilifanya kazi vizuri sana. Rilei mpya wala huihitaji.

Fundi Waya

Salaam. Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Korogwe, na magari ya mlima huo ndiyo mengi yanayopita mikononi mwangu. Naomba nianze na hili kabla hujashika koleo: alichosema Chumbageni usikifanye kwenye gari hilo. Kwenye magari mengine ni sahihi kabisa. Kwenye Corolla yako kitaiua feni, na hutajua kama imekufa.

Jaribio lako la plagi ndilo lenye jibu. Swichi ya joto ya feni kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 imeshika (inapitisha umeme) wakati injini ni ya baridi, na inaachia (inakata) injini ikipata moto. Kipimo chake ni hiki: chini ya nyuzi 83 imeshika, juu ya nyuzi 93 imeachia. Rilei yake nayo ni kinyume cha rilei ulizozizoea. Koili (sumaku ya umeme iliyo ndani ya rilei) ikipata umeme inavuta na kuikata feni. Koili ikikosa umeme inaachia, na feni inazunguka. Kwa hiyo ukifungua ufunguo asubuhi, gari haliko kimya likisubiri kuwasha feni. Liko kazini muda wote, linaizuia. Joto likifika nyuzi 93 swichi inaachia, koili inakosa ethi, kizuizi kinaondoka.

Waliolitengeneza walifanya hivyo kwa makusudi na mimi nawaheshimu kwa hilo. Waya ikikatika, feni inawaka. Plagi ikichomoka, feni inawaka. Panya akitafuna waya, feni inawaka. Karibu kila kitu kinachoweza kuharibika upande ule kinaharibika kwa kuwasha feni, na feni inayozunguka bure haijawahi kupindisha hedi ya mtu.

Imebaki ajali moja tu ya waya inayokwenda upande mbaya: waya ya swichi ya joto kugusa bodi. Ikigusa bodi, koili inapata ethi ya kudumu, rilei inazuia feni moja kwa moja, na maji yatachemka feni ikiwa imesimama. Fyuzi haiungui. Taa haiwaki. Hakuna dalili hadi mshale ufike juu. Nimewahi kuletewa Corolla gasketi ya hedi imekwisha, feni nzima, rilei nzima, swichi ya joto nzima. Waya ya swichi ilikuwa imebanwa chini ya kishikio cha betri, ganda limechubuka, shaba inagusa chuma. Swichi ya Chumbageni ingefanya jambo hilo hilo kila unapoiwasha.

Kwa hiyo kwangu sharti la swichi ya feni ni moja, na silegezi: mkono wa dereva uwe na uwezo wa kuongeza tu. Upande mmoja wa swichi useme "gari liamue lenyewe", upande wa pili useme "washa sasa". Upande wa "zima" usiwepo. Dereva Handeni ana haki anaposema mtu atasahau, ndiyo maana nataka ukisahau iwe umerudi kwenye hali ya kiwandani, basi.

Njia fupi ni hii. Kwa kuwa kukata waya kunawasha feni, unaikata waya ya swichi ya joto, unavuta nyaya mbili hadi kwenye dashibodi, unaweka swichi katikati. Swichi ikishika, gari linajiendesha kama kawaida. Swichi ikiachia, feni inawaka. Koili inavuta chini ya robo ya ampea, kwa hiyo waya nyembamba ya gari inatosha na rilei mpya haihitajiki. Inafanya kazi, na mafundi wengi wanaishia hapo.

Mimi siipendi kwa gari la abiria. Fikiria ulichokifanya: ile waya moja ambayo haitakiwi kugusa bodi umeirefusha mita mbili, umeipitisha kwenye tundu la bati kati ya injini na ndani ya gari, umeilaza chini ya dashibodi kwenye vyuma vyenye makali. Umeongeza nafasi ya ajali ile ile ambayo Toyota walijitahidi kuipunguza.

Njia ninayoifunga mimi inahitaji rilei ya miguu mitano. Hiyo ya minne uliyonunua haina mguu wa 87a na hapa haikusaidii. Namba zimeandikwa chini ya rilei yenyewe. Mguu wa 30 na 87a huwa vimeshikana rilei ikiwa imelala, na vinaachana ikipata umeme. Ifunge rilei hiyo kwenye chumba cha injini, karibu na plagi ya swichi ya joto lakini mbali na bomba la ekzosi. Kata waya ya swichi ya joto hapo hapo: kipande kimoja kiende 30, cha pili kiende 87a. Mguu wa 87 uache mtupu na uufunike. Mguu wa 85 uende kwenye bodi. Mguu wa 86 uende kwenye swichi yako ya dashibodi, na swichi ipate umeme unaokuja ufunguo ukiwa ON, kupitia fyuzi ndogo iliyo karibu kabisa na pale unapochukulia umeme.

Ukiwasha swichi, rilei yako inavuta, 30 na 87a vinaachana, rilei ya kiwandani inakosa ethi, feni inazunguka. Ukizima, gari linarudi kujiamulia. Na waya inayoingia ndani ya gari sasa ni ya umeme wa chanya yenye fyuzi. Ikichubuka na kugusa bodi, fyuzi inaungua, rilei yako inalala, gari linarudi kwenye hali ya kiwandani. Ikikatika, vivyo hivyo. Ile waya ya hatari imebaki fupi, haijatoka kwenye chumba cha injini.

Kuhusu kuleta umeme wa betri kwenye mota yenyewe kwa rilei ya miguu minne, sambamba na ile ya kiwandani, nitasema kwa kifupi. Inawezekana, ila ufunguo ukiwa umezimwa rilei ya kiwandani huwa imeachia, maana yake njia yake kuelekea kwenye mota imeunganika. Umeme utakaouleta kwenye mota unaweza kurudi nyuma kupitia hapo hadi kwenye rilei kuu ya injini, na ukaamsha vitu ambavyo vinatakiwa kulala. Anayefanya hivyo lazima rilei yake iamshwe na umeme wa ufunguo, si wa betri moja kwa moja. Na umeme wa mota yenyewe usipitishwe kwenye swichi ya dashibodi hata kidogo. Mota hiyo inavuta ampea nyingi ikizunguka, na wakati wa kuanza zaidi ya hapo. Swichi ndogo za dukani zinayeyuka.

Sasa, kabla ya swichi. Feni kuanza kwenye nyuzi 93 ndiyo kazi yake, haijachelewa. Kinachonisumbua kwenye maelezo yako ni kwamba ikishaanza, mshale unarudi "polepole mno". Feni nzima kwenye rejeta safi inaurudisha mshale bila ubishi hata mlima huo. Nakuomba vitu vitatu. Tazama mfuniko wa rejeta: mpira wake ni laini au umekuwa mgumu, na springi inarudi? Tazama kama kava la plastiki linalozunguka feni lipo zima. Magari mengi yaliyowahi kugongwa mbele yanarudi barabarani bila kava, na feni isiyo na kava inavuta hewa kwenye duara lake tu, pembe zote za rejeta zinabaki bila upepo. Halafu chomoa plagi ya swichi ya joto ili feni izunguke, injini ikiwa imewashwa, upime volti kwenye nguzo za betri na kwenye plagi ya mota.

Mfuniko usiudharau. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo kule yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima wa 0.9 (kipimo cha shinikizo kilichoandikwa juu yake) unayashikilia hadi karibu nyuzi 115. Mfuniko uliokufa unakuachia pengo la nyuzi mbili tu kati ya feni kuanza na maji kuchemka.

Mpanda Soni

Fundi, shukrani sana, na ndugu wengine pia. Nimesoma mara kadhaa hadi ikaniingia: rilei inazuia, haiwashi.

Majibu ya vipimo, mita nimeazima kwa rafiki anayefunga sola. Injini iko sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), feni inazunguka: nguzo za betri 13.9, plagi ya mota 11.2. Nikaona tofauti ni kubwa, nikapima upande kwa upande. Kutoka nguzo hasi ya betri hadi waya hasi ya mota napata 1.9. Upande wa chanya napata 0.8. Waya hasi ya mota inashuka hadi kwenye boliti moja kwenye chuma cha mbele kinachoshika rejeta, na boliti hiyo imepigwa rangi pamoja na chuma chenyewe. Inaonekana gari liliwahi kunyooshwa hapo mbele.

Mfuniko umeandikwa 0.9, mpira wake ni mgumu kama plastiki na una ufa. Kava la feni lipo, limepasuka upande mmoja lakini limeshika.

Je, nikirekebisha hayo, swichi bado ina maana? Au nimetaka dawa ya ugonjwa mwingine?

Fundi Waya

Umepima vizuri kuliko vijana wengi wanaokaa gereji. Kupima upande kwa upande ndiko kunakosema ukweli. Anayepima kwenye plagi tu angekuja na "umeme mdogo" na kukimbilia kununua mota.

Volti 2.7 zinapotea njiani, na 1.9 kati ya hizo zinapotea kwenye boliti hiyo. Mota inayotakiwa kupata volti 13 na kitu inapata 11.2, inazunguka taratibu, na upepo wa feni unashuka haraka mno mzunguko ukipungua. Mshale wako unarudi polepole kwa sababu hiyo. Fungua boliti, kwangua rangi na kutu hadi uone chuma kinang'aa chini ya kichwa cha waya na chini ya boliti, funga kwa washa yenye meno, halafu ndipo upake grisi juu kuzuia maji. Wengine hupaka kwanza wakafunga baadaye. Chuma kwa chuma kwanza, grisi mwisho. Mimi ningeongeza na waya nyingine ya milimita za mraba 4 kutoka hasi ya mota moja kwa moja hadi nguzo hasi ya betri. Iwe waya ya gari yenye nyuzi nyingi. Ile ya nyumba yenye uzi mmoja mnene inakatika kwa mtikisiko.

Upande wa chanya, 0.8 nayo ni nyingi. Chomoa fyuzi ya feni na rilei ya kiwandani, tazama miguu. Ukiona mguu umekuwa na rangi ya bluu au ya kahawia, ulipata moto. Safisha, na kama soketi imelegea ibane ndani kwa bisibisi ndogo. Rilei yenyewe kama ni ya asili, imeshafanya kazi zaidi ya miaka 20. Ibadilishe ukiweza, lakini hakikisha mpya ni ya aina ile ile inayofanya kazi kinyume. Ukiweka ya kawaida ya umbo hilo hilo, feni itawaka injini ikiwa ya baridi na kuzima ikiwa ya moto.

Mfuniko nunua leo, 0.9, si zaidi. Wapo watakaokuuzia wa 1.1 au zaidi kwa kudai unazuia kuchemka. Mabomba na rejeta ya umri huo sitaki kuyaongezea shinikizo.

Swichi ina maana, na nikueleze kwa nini, ili usiifunge kwa mazoea. Themostati ya injini hiyo inaanza kufunguka nyuzi 82. Feni inaanza 93. Kati ya hapo kuna nyuzi 11 ambazo gari linapanda nazo kabla ya kupata msaada wowote. Tambarare hazina neno, hewa ya mwendo inatosha. Ukianza mlima Mombo feni ikiwa inazunguka tayari, unaanza kutokea chini, 83 au 85, na chuma chote cha injini na maji yote yana nafasi ya kumeza joto kabla hujafika kwenye kona kali. Hiyo ndiyo faida, na ni faida ya kweli kwa gari lililojaa kwenye gia ya pili. Haigeuzi feni dhaifu kuwa feni nzima. Kwa hiyo boliti kwanza, mfuniko pili, swichi tatu.

Kushuka izime. Kwenye mteremko injini haizalishi joto la kuhitaji feni.

Weka na taa ndogo kwenye dashibodi, ichukue umeme pale swichi inapotoa kwenda mguu wa 86, na hasi yake kwenye bodi. Taa hiyo inakwambia umeiwasha wewe, haikwambii kama feni inazunguka kweli. Cha kukuhakikishia feni ni lile jaribio lako la mwanzo: injini ya baridi, ufunguo ON, chomoa plagi, feni lazima iwake. Lifanye ukimaliza kufunga, na lirudie kila unapokagua oili. Siku plagi ikitoka na feni isiwake, usipande mlima kabla hujajua waya imegusa wapi.

Mama Wawili IST

Samahani fundi, nauliza kwa faida ya wengi. Mimi ni Dar, nina IST. Foleni ya jioni na AC imewashwa, mshale unanitia wasiwasi. Njia hiyo ya kukata waya ya swichi ya joto inafaa na kwangu?

Fundi Waya

Hapana dada, usikate kitu. Kwenye magari kama hilo kompyuta ya injini ndiyo inayosoma joto kupitia sensa na yenyewe ndiyo inayoipa rilei ya feni ethi. Sensa hiyo ndiyo pia inayoamua mafuta kiasi gani yapulizwe, kwa hiyo ukiichezea unachezea injini nzima. Anayetaka swichi kwenye gari la aina hiyo huchukua ile waya ya koili ya rilei inayokwenda kwenye kompyuta, na kuitolea tawi hadi kwenye bodi kupitia swichi. Hapo ndipo ushauri wa Chumbageni unapokuwa sahihi. Sharti lake kubwa: waya hiyo ipewe ethi tu. Ukiigusisha chanya, umeua sehemu ya kompyuta inayoendesha feni.

Lakini kwako ningeanza na swali jepesi. Washa AC, gari limesimama, shuka utazame: feni inazunguka? Kama haizungukii AC wala joto, huna haja ya swichi, una haja ya fundi wa kutafuta fyuzi, rilei au kaboni za mota zilizokwisha.

Chumbageni

Fundi nimekuelewa, na sasa naona tofauti ya magari hayo. Nina swali la kweli. Mtu anayevuka maji, mfano Jangwani mvua zikinyesha Dar, si anahitaji kuizima feni isipige maji? Swichi ya kuzima si ingemfaa?

Fundi Waya

Swali zuri. Feni ya plastiki ikizunguka ndani ya maji inaweza kujipinda mbele ikala rejeta, au mota ikazidiwa na kuunguza fyuzi. Ushauri wangu wa kwanza ni kugeuza gari. Maji ya Jangwani yakifunika barabara huoni shimo wala ukingo.

Kwa anayelazimika, kwenye Corolla kama ya Mpanda Soni kile ulichopendekeza mwanzo ndicho kinachofaa, ila kwa kitufe cha springi, kile kinachoachia ukitoa kidole. Waya ya swichi ya joto ipelekwe kwenye bodi kupitia kitufe hicho. Ukikibonyeza feni inasimama, ukiachia inarudi. AC iwe imezimwa, maana ina njia yake ya kuwasha feni. Usiweke swichi inayobaki ilipowekwa.

Mpanda Soni

Wakuu, nimerudi. Boliti nimeikwangua na nimeongeza waya ya hasi hadi betri. Sasa plagi ya mota inasoma 13.1, nguzo za betri 13.8. Sauti ya feni yenyewe imebadilika, ukiweka mkono nyuma ya rejeta unaona upepo ni mwingine. Mfuniko mpya 0.9 nimefunga. Rilei ya miguu mitano nimepata Tanga mjini, nimeifunga kama fundi alivyoelekeza, nyaya nimezivalisha bomba la plastiki lenye mikunjo, na kwenye bati nimepitisha kwenye mpira uliokuwepo wa nyaya za asili, sikutoboa tundu jipya. Jaribio la plagi limepita, swichi ikiwa upande wowote.

Jana nimewasha feni pale stendi ya Mombo, abiria wamejaa, magunia mawili ya mchele nyuma. Hadi Soni mshale ulikuwa pale pale unapokaa tambarare. Juu ya Soni nikakaa nyuma ya lori la mawe kwa muda mrefu, gia ya kwanza, ukasogea kidogo kisha ukarudi. Kuelekea nusu haukwenda.

Mawili ya mwisho. Fyuzi ya swichi nimeweka ya ampea 10 kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo, ni sawa? Na umeme nimeuchukua kwenye waya ya redio, ile inayowaka na ACC (ufunguo hatua ya redio, kabla ya ON).

Fundi Waya

Ampea 10 ni kubwa kwa waya nyembamba uliyoivuta. Rilei na taa pamoja hazifiki nusu ampea. Weka ya 3, na kama hupati basi ya 5.

Umeme wa redio uhamishe. Ufunguo ukiwa ACC rilei yako itakuwa inavuta injini ikiwa imezimwa, haiharibu kitu lakini inanyonya betri bure ukisubiri abiria na redio. Kwenye kisanduku cha fyuzi ndani tafuta fyuzi inayopata umeme ufunguo ukiwa ON peke yake, uchukulie hapo upande wa baada ya fyuzi.

Lile kava la feni lenye ufa lishone kwa waya laini au lichomelee plastiki kabla halijaachia, likianguka litakutana na feni. Na rilei yako ya miguu minne iweke, honi za Corolla hizo zikianza kulia kwa unyonge ndiyo utaihitaji.